Mbegu 4417

Liberec, mwezi wa Januari. Theluji imefunika reli za tramu,
na katika ghorofa ya nne ya chuo
Zdislava Havránková anaandika kioo.

Si kukichora. Kukiandika, mstari kwa mstari,
mabano yakifunguka na kufungwa,
kahawa ikiganda kikombeni.

Baba yake, Oldřich, alipuliza kioo kule Nový Bor
miaka thelathini na minane, mpaka kifua kikamkatalia.
Jumapili hupiga simu:
"Hicho kioo chako bado hakijapoa?"
"Hakijawaka, baba."
"Basi wanakulipia nini?"

Fuwele angeimaliza kwa wiki moja.
Fuwele ni shairi la kale:

    Fuwele hupanga safu, kila atomu na kwake,
    Umbali ule nadhifu, jirani asitoroke,
    Hakuna mwenye turufu, ya kumfanya acheke,
    Wimbi lenda bila hofu, mwishoni lipumzike.

Lakini kioo hakina vina.
Kilipoa ghafla, kila atomu ikakamatwa ilipokuwa,
moja imegeuka, nyingine inapiga chafya,
kama watu katika picha iliyopigwa kabla hawajajipanga.
Mizani imezidi hapa, pale imepungua,
kituo kimeanguka katikati ya

neno. Na humo ndani
Zdislava anaachilia elektroni moja,
wimbi jembamba la kwanta,
aone litafika wapi.

Linatanuka. Linagonga kilima, linaingia shimoni,
linarudi, linakutana na nafsi yake njiani,
na pale wanapokutana wanafutana.
Kisha linasimama.
Halikufungwa na ukuta, ukuta haupo.
Limefungwa na mwangwi wake lenyewe.

Wiki kumi na moja lilisimama pale pale:
kituo cha mia mbili na kumi na mbili.
Radim Vodseďálek, wa meza ya pili,
alishachora mchoro, akaupaka rangi,
akanunua na mvinyo wa Moravia wa bei isiyo yake.
"Fujo ina sheria," alisema. "Tumeishika mkia."

Saa tisa za usiku, mstari wa themanini na nane,
Zdislava akaiona.
4417.
Namba ya tiketi ya tramu iliyokuwa mezani
siku ile ya kwanza, alipohitaji mbegu,
mbegu yoyote, ya kuotesha nasibu, ya kujaribia tu.
Hakuitoa.
Kila kioo alichokivunja na kukiumba upya
kilikuwa kioo kile kile.
Vurugu elfu, na zote pacha.

Unavuna ulichopanda: methali haikusema
kwamba unaweza kupanda na kusahau.

Hakulia. Alicheka kidogo, peke yake,
kicheko kibaya, cha puani.
Akaifuta namba. Akaiambia programu
iokote mbegu mpya kila inapoamka.
Akamwandikia Radim maneno mawili: *Futa mchoro.*
Kisha mengine mawili: *Mvinyo uache.*

Asubuhi mashine ilikuwa bado inanguruma,
chumba kina joto kama tanuri la mzee.
Sampuli ya kwanza: wimbi limekwama hatua ya tatu.
Ya pili: hatua ya arobaini. Ya tatu: ya tisa.
Jedwali chafu, lisilopendeza,
na kwa mara ya kwanza, la kweli.

Ila sampuli ya mia sita na kumi na tatu.
Humo wimbi lilipenya.
Likapita vilima vyote, vile vile vya ovyo,
likatokea ukingoni, zima,
kana kwamba mtu alilifungulia mlango.
Alikagua mara nne. Hitilafu hakuna.
Ni bahati, na wastani utaimeza;
wastani humeza kila kitu, ndiyo kazi yake.

Alinyanyua bilauri, moja ya zile zenye kasoro
ambazo Oldřich hakuweza kuziuza,
yenye kiputo cha hewa kando ya mdomo,
pumzi ya mwaka ambao yeye hakuwa amezaliwa.
Akanywa maji.

Simu ikalia. Ilikuwa Jumapili.
"Kimewaka," alisema, kabla hajaulizwa.